Klachi ya kwodi haiachii, vidole vya basketi vimeliwa: nipige tupa au ninunue mpya? (Malindi)

MwanaMambrui
Asalaam aleikum mafundi. Kwodi (pikipiki ya magurudumu manne) ya silinda moja, ujazo wa injini sisi (cc) 400, klachi ya mkono. Kazi yake ni kupanda vilima vya mchanga upande wa Mambrui na kurudi mjini kwa daraja la Sabaki. Ikiwa baridi haina neno. Ikishika moto, unabana klachi hadi mwisho ukiwa gia ya kwanza na bado inatambaa mbele. Nyutro haipatikani mpaka uzime injini. Ukiachia hendo (mkono wa klachi) inashika kwa kishindo, kama mtu kaisukuma kwa nyuma.

Pleti zilibadilishwa zote miezi minne iliyopita, ikatulia wiki chache tu. Sasa kava iko chini na vidole vya basketi (bakuli la alumini linalobeba pleti za klachi) vina mapengo, ukucha unaingia. Fundi mmoja asema tupa itamaliza, mwingine asema basketi hiyo ni ya kutupa. Nifuate lipi?

FundiBarani
Waaleikum salaam. Kabla ya tupa wala pesa, jua kinachotokea mle ndani.

Krenki inazungusha gia kubwa iliyofungwa nyuma ya basketi. Kati ya vidole vya basketi yanakaa masikio (ncha za nje) ya pleti za lainingi, zile zenye utando wa msuguano. Pleti za chuma zina meno kwa ndani, zinakamata senta (kitovu cha ndani ya basketi), na senta iko kwenye shafti ya giaboksi. Ukibana hendo, prisha pleti (sahani ya juu inayobana pleti zote kwa springi) inainuka na kila pleti inatakiwa iteleze kufuata vidole iachane na mwenzake. Nafasi yote hiyo, ukizijumlisha pleti zote, ni milimita moja hadi mbili basi. Sasa sikio likiwa limelala ndani ya pengo haliwezi kuteleza. Linakwama kwenye ukingo, pleti zinabaki zimegusana, kwodi inatambaa. Na ukiachia hendo, sikio linatoka pengoni kwa kuruka. Hicho ndicho kishindo chako.

Pleti mpya zilisaidia kwa muda kwa sababu zilikuwa na unene kamili, masikio yakakaa pembeni kidogo ya mapengo ya zamani, juu ya kingo. Kingo zilipoliwa yakarudi shimoni. Kubadilisha pleti na kuacha basketi iliyoliwa ni kununua pleti mara mbili.

Lakini usiilaumu basketi kabla hujaondoa sababu nyingine. Waya wa klachi uwe na mchezo (ulegevu) wa milimita 10 hadi 20 ukipima kwenye ncha ya hendo (thibitisha na kitabu chako). Mchezo ukizidi, klachi haiachii hata basketi iwe mpya kutoka kiwandani. Pleti za chuma zilizopinda nazo huburuta. Zilaze juu ya kioo cha dirisha, upitishe fila geji (vibamba vyembamba vya kupimia nafasi) chini yake pande zote. Angalia pia rangi: chuma kilichounguzwa huwa na madoa ya buluu, na hicho mara nyingi kimepinda tayari.

TupaNaMsasa
Nakubaliana na maelezo, ila nisingekimbilia duka. Basketi nyingi zinatupwa zikiwa bado na uhai. Pengo dogo linaondoka kwa tupa bapa yenye meno madogo na mashine inafanya kazi vizuri tu.

Shika tupa sambamba na uso wa kidole, vuta kwa mstari mmoja kuanzia juu hadi chini. Usichezeshe mkono, ukifanya hivyo unatengeneza tumbo katikati ya kidole. Piga mpaka kingo za pengo ziondoke na sikio lipite bila kugota, halafu SIMAMA. Huna haja ya kufuta alama yote hadi chini kabisa. Weka idadi sawa ya mivuto kwa kila kidole ili mzigo ugawanyike kwa masikio yote. Maliza kwa msasa namba 400 ukiwa umeloweshwa oili. Sugua meno ya tupa kwa chaki kwanza, alumini haitaganda ndani yake.

Na basketi iwe nje ya injini. Ukipiga tupa ikiwa ndani, vumbi la alumini linaingia kwenye oili na kutoka hapo linakwenda kwenye beringi.

FundiBarani
Tupa ninayo na ninaitumia, hatugombani kwa hilo. Tunagombana kwa kipimo. Kila unachokitoa kwa tupa kinaongeza nafasi kati ya sikio na kidole, na nafasi hiyo ndiyo inayozaa pengo jipya. Injini ya silinda moja haivuti kwa mkono laini, inapiga: kila mlipuko ni nyundo ndogo, na sikio linarushwa dhidi ya kidole. Nafasi ikiwa ndogo nyundo inapigwa kutoka karibu. Nafasi ikiwa kubwa, mkono wa nyundo umeinuliwa juu zaidi. Ndiyo maana basketi iliyopigwa tupa sana huliwa upya haraka kuliko mara ya kwanza. Tena masikio hayagusi tena kwa pamoja: matatu manne yanabeba mzigo wa wote, na hayo ndiyo yanayovunjika.

Mimi nafuata hivi. Alama isiyofika 0.3 mm: tupa, na uendelee na kazi. Kati ya 0.3 na 0.5: tupa mara moja, na uanze kutafuta basketi. Zaidi ya 0.5: hapana. Kitabu cha mashine yako kikiwa na namba yake, hiyo ndiyo ya kufuata.

Kupima: chukua pleti mpya ya lainingi, iweke ndani ya basketi bila nyingine yoyote, isukume upande mmoja mpaka masikio yagote. Ingiza fila geji upande wa pili wa sikio. Pima kwanza mahali kidole hakijaguswa kamwe, juu kabisa au chini kabisa, kisha pima kwenye pengo. Tofauti ya namba hizo mbili ndiyo kina cha pengo lako. Fanya hivyo kwa vidole vyote na kwa nyuso zote mbili za kidole. Uso wa kuvutwa huliwa zaidi, lakini kwa kwodi inayoteremka vilima kwa breki ya injini, uso wa pili huliwa pia.

DadaWaGanda
Mapengo yakiwa ya pande zote mbili usipige tupa hata kidogo. Kidole kinakonda katikati, na kidole kilichokonda kikivunjika kipande kinaingia kwenye gia za krenki. Hapo hatuongelei klachi tena.

Jambo ambalo hamjalitaja: riveti. Ukishaitoa basketi, shika gia kwa mkono mmoja na vidole kwa mkono mwingine, zungusha huku na huku. Ndani mna springi au mipira ya kupunguza mshtuko, kwa hiyo kuna kujongea kidogo kwenye ukinzani. Hiyo ni sawa. Kisicho sawa ni kulegea bila ukinzani, au gia kucheza juu na chini kama sahani kwenye meza mbovu. Mipira imekufa au riveti zimelegea. Basketi ya namna hiyo inagonga ikiwa nyutro, na mlio unapungua ukibana klachi. Na mipira ikifa, mshtuko wote wa injini unaishia kwenye vidole.

Tena chunguza oili kabla hujaimwaga yote. Ipitishe kwenye kitambaa cheupe. Ukiona unga wa kijivu unaong'aa, pitisha sumaku. Ukibaki kwenye kitambaa, ni alumini, vidole vyako hivyo. Ukirukia sumaku, ni chuma, tafuta kwingine: gia, pleti za chuma, beringi. Oili ikiwa rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia, na kwa mashine zinazopita madimbwi ya Sabaki wakati wa mvua si ajabu. Kagua mpira wa kupumulia wa injini umeelekea wapi.

Mokowe_Bara
Niko upande wa Lamu bara, vifaa vyaja kwa basi. Kuna jamaa anaweza kuchomea alumini kwa gesi ya argoni. Je, mapengo hayawezi kujazwa kisha yakachongwa upya?

FundiBarani
Ndugu, usifanye. Basketi nyingi za kiwandani ni alumini ya kumiminwa kwenye kalibu. Ukiichomea, moto unalainisha alumini pembeni ya mshono, kidole kinavutwa na kupinda, na uzito haulingani tena kuzunguka duara. Kitu hicho kinazunguka maelfu ya mara kwa dakika. Nauli ya basi ni rahisi kuliko krenkesi (nyumba ya injini).

Unapoagiza, toa namba ya injini na mwaka wa mashine, na utume picha ya basketi ya zamani kwa mbele na kwa nyuma. Hesabu meno ya gia kubwa uandike idadi. Basketi mbili zinaweza kufanana machoni zikatofautiana jino moja.

TukTukMalindi
Na tuktuk je? Klachi yake ni ya pleti nyingi pia, ina ugonjwa huu?

DadaWaGanda
Inao, kwa sababu nayo ina basketi na pleti zenye masikio. Sana kwa anayeshika klachi nusu nusu kwenye foleni. Namna ya kupima ni hiyo hiyo. Gari lenye klachi kavu ya sahani moja ndilo halina kitu hiki kabisa, asije mtu kuitafuta basketi kwenye Land Cruiser.

MwanaMambrui
Nimepima kama alivyoelekeza FundiBarani. Uso wa kuvutwa: pengo kubwa kabisa 0.8, dogo 0.6. Uso wa pili: 0.3 karibu vidole vyote. Oili ilikuwa na unga, haukushika sumaku. Pleti mbili za mwisho masikio yamepanuka ncha kama kichwa cha msumari uliopigwa sana. Riveti hazichezi.

TupaNaMsasa
0.8 mbele na 0.3 nyuma: hiyo hata mimi siipigi tupa. Agiza.

FundiBarani
Sawasawa. Una njia mbili. Ya kwanza ni basketi kamili ya kiwandani pamoja na gia yake: unatoa, unaweka. Ya pili ni basketi tupu iliyochongwa kutoka bonge la alumini au ya kufuliwa, kama za Hinson au Wiseco, ambayo unahamishia gia yako ya zamani. Ni ngumu zaidi na inadumu, lakini lazima utoe riveti. Kama mashine inapanda mchanga kila siku, ya pili ina faida. Kama gia yako yenyewe imeliwa meno, chukua ya kwanza.

Sasa kazi yenyewe, kwa atakayeufungua uzi huu baadaye.

Mwaga oili injini ikiwa vuguvugu. Bolti za kava huku kwetu huwa zimeganda kwa chumvi ya bahari, usizilazimishe kwa bisibisi ya kawaida, utakula vichwa. Paka mafuta ya kulegeza kutu, acha usiku mzima, kisha tumia bisibisi ya kupigwa kwa nyundo. Chukua kipande cha kadibodi, chora umbo la kava, na kila bolti unayotoa ichomeke mahali pake kwenye mchoro. Bolti hazina urefu mmoja. Ndefu ikiingia kwenye tundu la fupi inapasua krenkesi au inaacha kava haijakaza. Angalia pini mbili za kulenga kava, mara nyingi moja hubaki kwenye kava na kusahaulika. Gasketi ikwangue kwa kijiti au plastiki, kamwe si kwa ncha ya bisibisi.

Bolti za springi zilegeze kwa msalaba, kidogo kidogo. Pleti zitoe moja moja na uzitunge kwenye waya kwa mpangilio uleule, upande wa nje ukitazama nje. Mashine nyingi zina pleti moja ya lainingi yenye tundu pana zaidi ndani, na ndani ya tundu hilo pete mbili nyembamba, moja imepinda kama sahani. Hizo ni za kutuliza mtetemo. Piga picha upande uliopinda kabla hujagusa. Ikigeuzwa, klachi itatetemeka kila unapoondoka.

Kisha nati ya kati. Kunjua mdomo wa washa ya kufungia. Senta inatakiwa ishikwe. Wengi wanachomeka bisibisi kati ya vidole, na hapo ndipo basketi nzima inapovunjika mikononi mwa fundi. Tengeneza kishikio: chukua pleti ya chuma ya zamani, ichomelee ubapa wa chuma wa sentimita 40, ipachike kwenye meno ya senta, mtu mwingine ashike mkono huo. Ikishindikana kabisa, kunja kipande cha shaba ukiweke kati ya meno ya gia ya krenki na gia ya basketi, lakini hapo unazuia basketi tu, kwa hiyo pleti zirudishwe na springi zikazwe ndipo senta nayo ishikike. Kishikio ni bora mara kumi.

Ukitoa basketi, toka nayo polepole. Nyuma yake kuna bushi, washa, na kwenye mashine nyingi gia ndogo ya kuendesha pampu ya oili au kiki. Washa moja hupenda kunata kwa oili nyuma ya basketi na kuanguka ukiwa umeshageuka.

DadaWaGanda
Kwa anayehamisha gia: saga vichwa vya riveti upande wa bamba la nyuma, siyo upande wa vidole. Piga alama katikati kwa ponchi, toboa, zisukume nje kwa ponchi. Bamba likitoka, usitumie tena mipira ya zamani hata kama inaonekana mizima: bonyeza kwa kidole gumba, ikiwa migumu kama sandali ya tairi, imekwisha. Safisha matundu kwa petroli mpaka kitambaa kitoke kikavu na cheupe. Bolti zinazokuja na basketi mpya weka gundi ya nati ya nguvu, ile nyekundu, Loctite 271 au mfano wake, kaza kwa msalaba kwa toki (nguvu ya kukaza) waliyoandika, acha ikauke saa 24. Bolti moja ikilegea mle ndani inakula kava kwa dakika chache.

MwanaMambrui
Pleti zina miezi minne tu, lainingi bado nene. Naweza kuzirudisha kwenye basketi mpya?

FundiBarani
Si zile zenye masikio yaliyopanuka. Zitaanza kuichonga basketi mpya siku ya kwanza. Na kwa kuwa mzigo hugawanywa kwa zote, kuweka mbili mpya na nyingine za zamani si mpango mzuri. Weka seti mpya.

Hapa kuna la kujua: pleti nyingine lainingi imegandishwa juu ya bamba la alumini, nyingine juu ya bamba la chuma. Zenye bamba la chuma hazivunjiki masikio upesi, lakini zinaila basketi ya alumini haraka zaidi. Kwa basketi ya kiwandani, baki na aina iliyokuja na mashine.

Pleti mpya zilowe kwenye oili usiku kucha kabla ya kufungwa. Zikiingia kavu zinaungua mara ya kwanza kabisa unapoondoka.

TupaNaMsasa
Usisahau kukagua meno ya senta. Pleti za chuma huchonga senta vilevile, ila taratibu. Pitisha ukucha kwenye kila jino kutoka nje kuelekea ndani. Ukikwama kidogo tu, hapo ndipo tupa ina kazi yake halali. Ukikwama kweli, senta nayo inunuliwe, la sivyo klachi itaburuta na utailaumu basketi mpya.

FundiBarani
Kurudisha: lainingi kwanza, chuma, lainingi, mpaka umalize kwa lainingi. Kama vidole vina mitaro mifupi ya pembeni kwa juu, pleti ya mwisho inakaa humo, tofauti na nyingine. Prisha pleti nyingi zina alama ya nukta inayolingana na alama kwenye senta. Kabla ya kukaza springi, isukume kwa viganja na uizungushe kidogo: ikikaa kwenye meno utasikia imeshuka na haitaacha uwazi kati ya pleti. Ukikaza ikiwa juu ya meno inapasuka. Bolti za springi ni za milimita 6, zinakatika kirahisi. Kawaida ni Nyutoni-mita 10 hivi, kwa msalaba. Nati ya kati ni mara nyingi zaidi ya hapo na hutofautiana kwa kila mashine, chukua namba kitabuni, na washa ya kufungia iwe mpya.

Kabla ya kufunga kava, bana hendo na umwambie mtu atazame prisha pleti: iinuke sawasawa kote, isiinuke upande mmoja. Upande mmoja ukibaki chini, springi moja imechoka au imekaa vibaya. Hapo bado ni rahisi kurekebisha.

Oili iwe na alama ya JASO MA au MA2, yaani ya pikipiki zenye klachi inayolowa oili. Oili ya gari iliyowekewa dawa ya kupunguza msuguano italeta ugonjwa mwingine, klachi kuteleza, na utafungua kava tena bure.

KusiNaKaskazi
Nyongeza kwa dereva. Mchangani msimwache mgeni ashikilie nusu klachi akiwa amesimama mteremkoni. Gia ndogo, klachi iachiwe yote, mwendo ushikwe kwa aksileta. Na kwodi ikizama, shukeni muisukume. Kuipigia resi huku klachi nusu ndiko kunakopiga nyundo vidole zaidi ya kazi nyingine yoyote. Upepo wa tairi ukishushwa kidogo kabla ya kuingia kwenye vilima, haja ya nusu klachi inapungua sana.

MwanaMambrui
Nimeelewa. Naagiza basketi kamili na gia yake, seti ya pleti, springi, gasketi na washa ya nati. Senta ukucha umekwama kwenye meno mawili tu, kidogo. Ikishafungwa niikague baada ya muda gani?

FundiBarani
Hayo mawili yapige tupa kidogo, senta ibaki. Endesha nusu saa ya kawaida bila vilima, mwaga oili ikiwa moto, ipitishe kwenye kitambaa kama alivyosema DadaWaGanda. Unga kidogo wa lainingi wa rangi ya kahawia si kitu. Weka oili mpya na ubadilishe filta. Kisha rekebisha waya wa klachi tena, maana pleti mpya zikikaa sawa mchezo wa hendo hubadilika. Upime hendo injini ikiwa moto na ikiwa baridi, mchezo usiishe kabisa kwa hali yoyote.